Sulisuli wa Bwana Jeneza

"Funga hilo sanduku, dada."

Gretchen hakulifunga. Mliokuwa nasi juma lililopita mnajua tulimwacha pale pale, kwenye boti ya kukodi, Fort Lauderdale imebaki mstari wa maghorofa nyuma yao, mkono mmoja umeinua kifuniko cha sanduku la barafu na mwingine umeshika kikombe kitupu. Alikuwa amefuata barafu ya kumtulizia mama yake kichefuchefu. Akakuta samaki.

Si samaki wa chambo. Sulisuli, mrefu kumshinda yeye, mdomo mkali kama sindano ya kushonea magunia, tanga la mgongoni limelala kama mwavuli uliovunjika. Alikuwa amelazwa ubavu juu ya barafu iliyogeuka rangi ya maji ya kuoshea nyama. Jicho lilikuwa jeupe.

Na hakuna ndoana hata moja iliyokuwa imegusa bahari tangu watoke gatini.

"Nimesema funga." Rudd, baharia wa boti, alimfikia na kukibamiza kifuniko. Vidole vya Gretchen viliponea chupuchupu. Rudd alikuwa mtu wa makamo, shingo imebabuliwa na jua hadi imefanana na begi kuukuu la ngozi.

"Huyo samaki ametoka wapi?"

"Baharini. Ulitaka atoke kanisani?"

"Hatujavua kitu!"

"Mtavua." Rudd akatema mate majini. "Mzee wenu atavua, sasa hivi. Na wewe utapiga makofi kama wenzako."

"Samaki aliyeoza?"

"Hajaoza. Amelala kidogo." Akasogea karibu, pumzi yake inanuka tumbaku na vitunguu. "Sikiliza, dada. Nyie watu wa bara mnakuja hapa na mchana mmoja tu kabla ya meli yenu. Bahari haina habari na ratiba yenu. Sasa mtu akitaka kuwa shujaa mbele ya mwanamke, tunamsaidia. Tunamfunga samaki kwenye mshipi wake, tunamtupa nyuma, nahodha anakanyaga mafuta, mshipi unalia. Bwana anavuta, anatoka jasho, anapigwa picha. Nani kaumia hapo?"

"Nani aliagiza?"

 Rudd alinyoosha kidevu tu kuelekea mbele.

Kule mbele, kwenye kiti cha mvuvi kilichofungwa mikanda kama kiti cha kinyozi, alikaa Lyle Hostetter. Ndani ya koti lake jepesi alikuwa amevaa fulana ya rangi ya machungwa aliyomlazimisha kila mtu kuvaa, yenye picha yake na ya mama yake Gretchen ndani ya moyo mwekundu. Mkono wake laini ulikuwa umelala juu ya goti la mama.

Mkono ule! Gretchen hakuweza kuutazama. Lyle ndiye mwenye nyumba ya mazishi pekee katika mji wao mdogo wa Ohio. Mkono ule ndio uliomwosha baba yake, mzee Walt, mwaka jana, ukampaka poda mashavuni, ukamfunga tai. Udongo wa kaburi haujakauka, mkono ule ule ukaanza kubisha mlangoni kwa mama na bakuli la supu. Siku zote ulinuka mnanaa. Chini ya mnanaa kulikuwa na harufu nyingine, na Gretchen hakutaka kuijua jina.

Mjini walimwita Bwana Jeneza. Kesho, meli ya kitalii ikishaingia bahari kuu, nahodha wa meli angemfungisha ndoa na Verna Stambaugh, mjane wa Walt.

Gretchen alikuwa amelia, amefoka, amegoma kula. Jana hotelini mama yake alichoka.

"Haya, mwanangu," alisema Verna. "Nionyeshe kosa lake moja. Moja tu, la kushikika kwa mkono, si haya mambo ya sijui ananuka nini. Ukinionyesha, napanda ndege na wewe turudi nyumbani. Ukishindwa, keshokutwa unashika maua yangu na unatabasamu."

La kushikika kwa mkono.

Gretchen akatazama lile sanduku la barafu, na kwa mara ya kwanza tangu watoke Ohio akatabasamu. Mwongo! Mwanaume anayemnunulia mwanamke samaki mfu na kujidai amemvua, huyo atashindwa kudanganya nini?

"Sawa, kaka Rudd," alisema kwa sauti tamu. "Nimefunga mdomo."

Hakufunga mdomo kwa wema. Alitaka Lyle avute mpaka mwisho. Alitaka mama aone kwa macho yake na aguse kwa mkono wake.

Rudd akamkodolea macho, akaridhika. Alipodhani Gretchen amegeuka, alifungua tena sanduku, akatoa kitu mfukoni mwake, kifuko cha mahameli ya zambarau, na kukitumbukiza kinywani mwa samaki. Akasukuma. Mkono wake ulizama hadi kiwiko kwenye koo lile la baridi, ukatoa mlio kama kiatu kinachong'oka kwenye tope.

Gretchen aliona kwa pembe ya jicho. Alijua hicho ni kifuko gani. Lyle alimpa Rudd gatini kabla hawajaondoka. Alikuwa amepapasa mfuko wa kulia wa koti lake, kisha wa kushoto, kisha akatoa kile kifuko na kumnong'oneza Rudd sikioni. Wakati ule Gretchen alidhani ni bakshishi.

Kupapasa kwenyewe kulikuwa na sababu. Asubuhi walikwenda kutembezwa kwenye vinamasi kwa boti ya feni, ile yenye feni kubwa mgongoni inayonguruma kama ndege. Lyle alisimama ili awaonyeshe wanawake mamba. Upepo ukamvua miwani. Mamba hakuitaka, ikazama. Tangu hapo Bwana Jeneza alikuwa anamsalimia kila mtu kwa kumkaribia uso kwa uso kama anayetaka kumbusu.

"Bora kazama miwani," alisema mamkubwa Opal, dada yake Verna, alipokuwa akitafuna mamba wa kukaanga kwenye mgahawa wa kinamasini. "Ningezama mimi, shemeji angeshapima urefu wa sanduku langu."

Mamkubwa Opal naye alikuwa mjane. Mume wake, Burl, alizikwa majira ya baridi. Na nani? Msiniulize. Mjini kwao hakuna mwingine.

Boti ilikuwa sasa inayumba vizuri. Opal alikuwa amekaa sakafuni, uso umekuwa wa kijani kibichi, mapaja yamebana mkoba wake mkubwa.

"Mamba anataka kurudi kwao," alinung'unika.

"Kula kitu kikavu, Opal," alisema Verna. "Tumbo litulie."

"Nina mkate." Opal akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. "Nimeuoka mwenyewe nyumbani. Karibuni wote. Mkate wa ndizi."

Injini ilipunguza sauti ghafla.

"Wa NINI?" Sauti ilitoka juu, kwenye usukani. Nahodha, mzee mnene ambaye hakuwa ametamka neno mchana kutwa, alikuwa akiteremka ngazi haraka kama nyumba inaungua.

"Wa ndizi," alisema Opal. "Una lozi pia, ukipenda."

"Ndizi! Kwenye boti yangu! Mama, unataka kutuua?"

"Jamani, ni mkate tu!"

"Hakuna ndizi kwenye boti! Hakuna mkate wa ndizi, hakuna mafuta ya kujipaka yenye harufu ya ndizi, hakuna fulana yenye picha ya ndizi! Pwani nzima hii inajua ndizi ni mkosi! Umewahi kuona mvuvi na ndizi?"

"Mimi ninatoka Ohio! Ninamjua mvuvi gani mimi?"

Nahodha akaupokonya mkate kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba panya kwa mkia, akauvurumisha baharini. Kisha akamwagia maji ya chumvi mahali ulipokuwa umekaa. Kisha akammwagia Opal mikononi.

"Mwendawazimu huyu!" alipiga kelele Opal. "Verna, umeona? Kanimwagia maji! Nilitumia siagi nzuri!"

Verna alicheka. Lyle alicheka kwa kumfuata Verna. Wote walikuwa wakimtazama nahodha na mkate unaoelea.

Isipokuwa Gretchen. Yeye aliutazama mgongo wa Rudd. Rudd alikuwa ameinamia maji upande wa nyuma, ametoa kitu kirefu cheusi kwenye sanduku, akakiteremsha polepole bila kurusha tone. Hakuna samaki aliyewahi kurudishwa baharini kwa upole kama ule.

Nahodha akapanda kwenye usukani huku bado akilaani, akakanyaga mafuta. Boti ikaruka mbele.

Zzzzzzzz! Mshipi wa Lyle ukalia.

"Samaki!" alinguruma Rudd. "Mkubwa! Shikilia, mzee! Shikilia!"

"Nimemshika!" Lyle akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Verna! Mpenzi! Unaona?"

"Naona, Lyle! Usimwachie!"

"Ana nguvu za ng'ombe!" alipiga kelele Rudd, akimmwagia maji mgongoni. "Anapigana! Angalia anavyopigana!"

Sulisuli alipigana kama godoro linavyopigana na mtu anayelikokota ngazini. Kila nahodha alipokanyaga mafuta, samaki "alikimbia." Kila alipoachia, samaki "alichoka." Jasho lilimtoka Lyle, likachuruzika mpaka kwenye picha ya uso wake tumboni. Harufu ya mnanaa ilipotea. Ile nyingine ikabaki.

Gretchen alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, akingoja kama paka mbele ya tundu.

Hatimaye Rudd aliinama, akamkamata samaki mdomoni kwa glavu, akamvuta ndani. Sulisuli akaanguka sitahani, pu! Hakutikisika hata mkia.

"Amechoka, maskini," alisema Rudd haraka. "Moyo umepasuka kwa vita."

"Bahari imenipa!" Lyle alipiga kelele akihema. "Bahari imenipa, Verna!"

"Mama," alisema Gretchen. "Njoo umguse."

"Sasa ni picha kwanza," alisema Rudd.

"Mama. Weka mkono tumboni mwake. Wewe ulisema la kushikika kwa mkono. Haya, shika."

Verna alimtazama bintiye. Akamtazama samaki, jicho lile jeupe kama yai la kuchemsha. Akainama, akaweka kiganja.

Akakiondoa kama aliyeungua. Siku ilikuwa ya joto la kuyeyusha lami, maji ya bahari ile yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, na samaki alikuwa baridi kama chumba cha maiti. Kipande cha barafu kilikuwa bado kimenasa kwenye shavu lake.

"Alikuwa kwenye lile sanduku, mama. Kabla hujala hata kidonge chako cha kichefuchefu. Muulize Rudd. Muulize na yeye."

 Harufu ilikuwa imeanza kupanda sasa, nzito, tamu kidogo. Mamkubwa Opal akaifikia mbio kingo ya boti, na mamba wa asubuhi akarudi kwao kweli.

"Lyle," alisema Verna.

"Mpenzi, mimi..." Lyle akafinya macho, akitafuta uso wa Verna ulipo. "Nilitaka tu uwe na siku ya kukumbuka."

Mabega ya Verna yakaanza kutikisika. Gretchen akanyoosha mikono amkumbatie, maana alijua mama yake akilia hulia hivyo.

Lakini Verna hakuwa akilia.

Alikuwa akicheka! Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka machozi yakamtoka, mpaka akashika tumbo kwa mkono ule ule uliogusa samaki.

"Samaki mfu!" alisema. "Mwanaume mzima kapigana na samaki mfu! Kwa ajili yangu!"

"Mama, amekudanganya!"

"Amenidanganya ndiyo. Gretchen, mwanangu, baba yako, Mungu amrehemu, alinipenda, lakini hakuwahi kujisumbua kunidanganyia hata dagaa. Siku yangu ya kuzaliwa alininunulia spana." Akafuta macho. "Hilo si kosa. Huo ni ujinga wa mapenzi. Kesho utashika maua."

Lyle akatoa mkono wake laini, ukapapasa hewani mpaka ukampata Verna shavuni. Kisha, bila kuona vizuri, ukampata Gretchen begani.

"Usijali, binti yangu," alimwambia. "Mimi sina kinyongo."

Gretchen alihisi ubaridi wa mkono ule ukipenya fulana. Alitamani kuvua fulana yenyewe, na ngozi iliyokuwa chini yake.

Amekwisha kushindwa? Nilidhani hivyo mimi pia.

Gatini kulikuwa na watu. Boti zote za mchana zilikuwa zimerudi, na watalii wenye ngozi nyekundu walikuwa wakizunguka ule ubao mkubwa wa misumari ambao samaki huning'inizwa ili waonekane. Ng'ambo ya mkondo, meli yao ya kesho ilikuwa imesimama, nyeupe, ndefu, imefunga anga kama ukuta wa hospitali.

Chini ya ubao walipanga foleni mwari, wale ndege wenye mfuko kidevuni, wakisubiri matumbo. Utelezi wa damu na magamba ulifunika mbao zote. Nzi walikuwa wengi kuliko watalii.

Rudd akamtundika sulisuli. Watu wakashangilia. Kamera zikainuliwa.

"Nani kamvua?"

"Huyu bwana hapa! Kapambana kama simba!" Rudd hakuona aibu hata kidogo. Akanoa kisu chake mara mbili mbele ya umati. "Na sasa, mabibi na mabwana, bwana huyu ana jambo. Mama mchumba asogee mbele. Karibu na samaki, mama. Karibu zaidi."

Gretchen akamwona Lyle akipiga magoti. Kwenye damu. Magoti ya suruali yake nyeupe yakanywa wekundu. Alifumba macho kwa hisia, au kwa sababu hayakumsaidia kitu hata yakiwa wazi, akaunganisha mikono kifuani kama anavyofanya makaburini.

"Verna," alianza, kwa ile sauti ya mazishi, nzito, ya polepole. "Uliniuliza pete iko wapi. Nikakuambia itakuja kwa njia ambayo hujawahi kuiona."

"Usiniambie," alisema mamkubwa Opal. "Usiniambie ameitia mle ndani."

"Ameitia mle ndani," alisema Gretchen. Sasa alielewa kile kifuko.

"Kesho ataivaa kidoleni? Iliyotoka humo?" Opal akaziba mdomo. "Sina kitu tena tumboni, Gretchen, lakini nitajaribu."

"Bahari ni kubwa, Verna," Lyle aliendelea, "na mimi nilikuwa mtu mpweke tangu Noreen aniache..."

Noreen alikuwa mke wake wa kwanza. Mjini wote walijua habari zake: alitoroka na mpiga kinanda, akaenda Arizona, hakuandika hata kadi ya Krismasi.

"...lakini bahari imenifungulia tumbo lake..."

Rudd akachoma kisu na kukishusha. Kwa haraka ya kutaka kupigiwa makofi, alikishusha kwa nguvu kupita kiasi. Tumbo la samaki likapasuka, mfuko wa chakula ukapasuka, na mle ndani kifuko cha mahameli kikapasuka pia.

Pete haikudondoka.

Zilidondoka pete. Zilimiminika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, pamoja na ute wa kijivu na maji meusi: pete za dhahabu nene, pete nyembamba za kike zilizolika kwa kuvaliwa maisha mazima, pete zenye vijiwe, hereni moja, mkufu wenye msalaba. Zililia kwenye mbao, kli, kli, kli, zikabingirika kati ya viatu vya watu. Na katikati yake vitu vingine vidogo, vya njano, vyenye mizizi.

Meno.

"...na kunipa kile ambacho moyo wangu ulikitafuta," alimalizia Lyle, macho bado yamefumbwa. Akanyoosha mkono. "Umeiona, mpenzi?"

Hakuna aliyepiga makofi.

Mwari mmoja aliruka mbele, domo wazi, akalilenga jino lililobingirika mpaka kwenye ncha ya kiatu cha Opal. Mguu wa Opal ukatangulia. Akamsukuma ndege kwa mkoba, akainama, akaliokota kwa kitambaa. Lilikuwa la dhahabu, na mbele limechongwa kinyota.

"Burl," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo mno, si ya mamkubwa yule aliyemtukana nahodha.

"Hili ni jino la Burl. Aliwekewa alipokuwa mwanamaji. Kila akicheka ilikuwa... Gretchen, kwa nini jino la mume wangu liko kwenye samaki?"

 Gretchen alikuwa ameshapiga magoti kwenye ule utelezi, vidole vinachambua pete, na hakuona kinyaa tena, au kinyaa kilikuwa kimekuwa kikubwa hata hakikutosha mwilini. Alijua anatafuta nini kabla hajakipata.

Akakipata.

Pete pana ya dhahabu yenye pengo ukingoni. Siku mashine ya karakana ya reli ilipomnasa mzee Walt mkono, chuma kiling'ata pete badala ya mfupa. "Imeniokoa kidole," alikuwa akisema, "nitazikwa nayo." Na Gretchen aliiona kwa macho yake kidoleni mwa baba yake, ndani ya jeneza, asubuhi ya mazishi. Kisha Lyle, amevaa glavu nyeupe, aliwaomba watoke wote kidogo. Alisema anataka kumfunika marehemu kwa heshima.

"Mama," alisema Gretchen.  Aliinua mkono na kuifungua ngumi.

Verna akaitazama ile pete. Akaichukua. Akalifuata bomba la maji la Rudd, akaiosha kwa utaratibu, ndani na nje, kama anayeosha kikombe cha mtoto. Akaivaa kwenye kidole gumba, maana kwingine isingemkaa.

"Umeiona?" aliuliza tena Lyle, tabasamu lile lile. "Inakutosha?"

"Inanitosha," alisema Verna. Kisha akamgeukia bintiye, na uso wake ulikuwa umezeeka mara moja. "La kushikika kwa mkono. Nimeshika. Kafunge mabegi, Gretchen. Tunarudi nyumbani."

Hapo ndipo Lyle alipofumbua macho. Alisikia sauti, alisikia ukimya wa umati, alisikia kitu kikibingirika karibu na goti lake. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa kulia wa koti. Ukakuta kifuko cha mahameli, cha zambarau, laini, chenye pete moja mpya ndani.

Kile ambacho alipaswa kumpa Rudd.

Vifuko vile alikuwa navyo vingi. Ndivyo alivyowarudishia wafiwa vitu vya marehemu wao, saa na miwani. Gretchen akakumbuka jana, kwenye boti ya kutazama majumba ya matajiri, jinsi Lyle alivyomuuliza muongozaji ni kisiwa gani kati ya vile ambavyo meli itapita kina maduka mengi ya dhahabu, na jinsi mama alivyoona haya kwa furaha akidhani anataka kumnunulia yeye. Huyu hakuja kuoa tu. Alikuja na mzigo wa kuuza mahali ambapo hakuna atakayeuliza dhahabu ni ya nani.

"Verna," alisema Lyle. "Njiwa wangu. Naweza kueleza."

"Mtu aite polisi," alisema mtalii mmoja.

"Ni meno ya watu yale?" aliuliza mwingine. Mtoto akaanza kulia. Rudd alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mzani wa samaki, mikono juu, kisu amekiacha kwenye meza ya kupasulia samaki, kando ya Lyle.

"Mimi nilipewa tu kifuko," alikuwa akisema kwa kila mtu. "Sikufungua. Mimi nilipewa tu."

Verna alikuwa ameanza kuondoka. Alikanyaga kitu. Akasimama, akainua kiatu, akatazama chini kwa muda mrefu.

Haikuwa dhahabu. Ilikuwa pete ya fedha, ya bei ya chini, iliyokunjwa kwa mkono kutokana na mpini wa kijiko. Ua la waridi la mpini bado lilionekana juu yake.

Akaiokota. Gretchen aliona uso wa mama yake ukipauka.

"Hii nilitengeneza mimi," alisema Verna. "Kwa ajili ya mnada wa kanisa. Niliikunja jikoni kwangu, nikajichoma kidole. Nilimpa Noreen. Aliniambia haitamtoka hata akifa."

Mamkubwa Opal akaacha kulia.

"Noreen yuko Arizona," alisema. "Si yuko Arizona? Lyle mwenyewe alisema."

Verna akarudi. Alitembea juu ya damu na magamba, polepole, mpaka akasimama mbele ya yule mwanaume aliyekuwa bado amepiga magoti, akamshikia ile pete ya kijiko karibu kabisa na uso, mahali ambapo macho yale mabovu yasingeweza kukosea.

"Vitu hivi vyote umevitoa kwa maiti, Lyle," alisema. "Sasa niambie. Noreen yuko wapi?"

Lyle aliitazama pete. Tabasamu la makaburini halikumtoka. Lilibaki pale pale, laini, la pole, kama aliyekuja kuwapa mkono wafiwa.

Lakini Gretchen hakuwa akilitazama tabasamu. Alikuwa akiutazama mkono ule mweupe. Ulikuwa umeinuka kutoka kwenye goti lake, taratibu, bila haraka, na ulikuwa unapapasa ukingo wa meza ya kupasulia samaki, unapita juu ya magamba, juu ya utumbo, ukitafuta mpini wa kisu.